Ukurasa wa Dada Nilioukata kwa Wembe

Mpendwa mshauri,

Ninalotaka kukuambia sijamwambia mtu, si rafiki, si mwalimu, si hata mto ninaoulalia, na barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara nne kwa sababu kila nikikaribia neno lenyewe mkono unakwenda kando na kuanza kueleza habari za mvua. Basi naliandika kwanza, kisha nitaeleza. Nimekata ukurasa wa dada yangu kwa wembe, nikaandika wangu mahali pake, na sasa dada anasifiwa kwa maneno ambayo hajawahi kuyaona, na anaamini ni yake. Naomba unisaidie, zimebaki siku kumi na mbili.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko sekondari, na si mtu wa maneno. Wageni wakija mimi huingia jikoni na kitabu nikajifanya natazama sufuria, ndiyo maana dada huniita Profesa wa Jikoni. Nyumbani tuko watatu. Baba ni fundi wa friji na karakana yake ni chumba cha mbele, kwa hiyo ukitaka kuingia kwetu lazima uruke mabomba ya shaba na milango isiyo na friji zake. Dada amenizidi miaka saba. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu hapo dada ndiye aliyenisuka nywele na kwenda kwenye vikao vya wazazi akiwa bado na sare yake mwenyewe, hadi siku moja mwalimu akamwuliza, "Na wewe mzazi wako yuko wapi?"

Sasa asubuhi anauza katika duka la dawa, na mchana anakwenda chuo, anasomea ualimu wa Kiingereza. Mwaka huu wamepangiwa somo la lazima, fasihi ya Waingereza ya karne ya kumi na nane. Darasani kwao hakuna anayelitaka. Vitabu vyake ni vinene kama matofali, sentensi inaanzia ukurasa huu inaishia ule, na mashairi yao yanakwenda mistari miwili miwili yenye vina mpaka kichwa kinaanza kutikisika chenyewe. Siku ya kwanza dada alirudi akakitupa kitabu juu ya meza ya Baba.

"Baba, hawa watu walikuwa hawana kazi?"

Baba akakipima kwa mkono kama anayepima mota. "Wamekufa miaka mia mbili na ushee, na bado wanakutoa jasho. Hao si watu wa mchezo, mama."

Mimi nilikichukua nikaenda nacho jikoni, na huko ndiko nilikopotelea.

Mshauri, mhadhiri wao ana utaratibu wake. Kila mwanafunzi ana daftari moja la muhula mzima. Kila wiki anaandika ukurasa juu ya alichosoma, mhadhiri anaandika swali moja pembeni kwa kalamu ya kijani, na mwanafunzi analijibu katika ukurasa unaofuata. Mwandiko wa dada ni kama kuku aliyekanyaga wino, kwa hiyo wiki ya kwanza aliniomba nimnakilie tu. Alikuwa akipiga pasi koti lake jeupe la dukani na kunitajia, mimi naandika. Wiki ya pili alikuwa amechoka, akasema, "Malizia mwenyewe, Profesa, si umekisoma?" Nikamalizia. Wiki ya tatu hakutaja kitu. Wiki ya nne hakusoma kitabu.

Naapa mwanzoni nilifikiri ninamsaidia. Lakini lile swali la kijani, mshauri! Mimi maisha yangu yote hakuna aliyeniuliza nafikiri nini juu ya kitabu, shuleni tunaulizwa mwaka kilipotoka. Tulisoma habari za wanawake wa zama zile waliochapisha vitabu bila majina yao, wakaandika tu kwamba mtungaji ni bibi mmoja. Mhadhiri akauliza, "Unadhani kwa nini alijificha?" Nikajibu kwa Kiingereza changu cha kamusi kwamba alijua watu wangelisoma jina lake kwanza, wakafunga kitabu. Alirudisha neno moja, "Endelea." Neno hilo nilitembea nalo wiki nzima, nikipanda ngazi za shule nalo, nikichota maji nalo, siwezi kukaa kitako, naosha sahani zilizokwisha oshwa, nikingojea Ijumaa daftari lirudi. Nikajiambia na mimi ni bibi mmoja, nimejificha kama wao, ubaya uko wapi?

Halafu dada akabadilika. Jumapili moja aliniambia, "Mdogo wangu, basi. Mwakani nitasimama mbele ya watoto wa watu, nitawaambia nini? Kwamba mdogo wangu alisoma? Ukurasa wa mwisho nauandika mwenyewe." Akaenda na daftari dukani, akauandika juu ya kaunta kati ya mteja na mteja, siku tatu, kwa mwandiko wake wa kuku. Alipomaliza akanipa daftari nilivalishe jalada jipya, maana kesho yake ndiyo siku ya kulikabidhi kwa mara ya mwisho.

Nilisoma alichoandika. Kilihusu riwaya nene iliyotungwa kwa barua tupu, ya binti wa muuza mishumaa anayefungiwa kwa mjomba wake na kuwaandikia wazazi. Nakutafsiria, maana nimekikariri: "Siku hii moja binti ameandika barua nne. Katika zote nne anasema mjomba anamfanyisha kazi tangu alfajiri mpaka taa zinapozimwa. Nimehesabu kurasa, ni thelathini na moja. Mimi nikitoka kazini vidole haviwezi hata kuandika ujumbe wa simu. Nadhani mtungaji hajawahi kufanya kazi za nyumbani, au binti anadanganya. Ningependa kujua ni lipi."

Hayo tu. Nikaona haya kwa niaba yake. Hakuna neno moja zuri, hakuna tamathali, ni kama malalamiko ya mteja. Nikajiambia mhadhiri atauona mwandiko mpya na kutushtukia, dada atafukuzwa, kwa hiyo ni lazima. Nikachukua wembe ninaochongea penseli, nikaukata ukurasa kwenye mshono, nikaandika wangu kwenye karatasi iliyofuata. Niliandika kwamba kalamu ya binti yule ndiyo dirisha la pekee katika nyumba isiyo na madirisha, na mengine ya namna hiyo. Kisha nikavalisha jalada vizuri, nikakunja pembe. Dada alilipokea, akasema, "Asante, Profesa," akaondoka nalo bila kulifungua.

Madaftari sasa yamefungiwa kabatini kwa mhadhiri hadi siku ya mtihani wa mdomo. Kilichorudi ni kikaratasi tu: "Ukurasa wa mwisho ndio kazi bora ya darasa zima. Uje uusome mbele ya jopo."

Mshauri, dada aliingia mbio akaruka mabomba yote. "Baba! Huu nimeandika mwenyewe! Mwenyewe, Baba, mwulize huyu!" Akamshika Baba mikono, wakacheza pale katikati ya friji mbovu, Baba na bisibisi mdomoni, na wote wakanigeukia. Nikasema, "Ndiyo, aliandika mwenyewe." Baba amekibandika kikaratasi kwenye mlango wa friji kwa sumaku, na kila mteja lazima akisome kwanza ndipo aelezwe bei ya kujaza gesi ya friji.

Dada sasa anasoma vitabu vyote tangu mwanzo, peke yake, anacheka peke yake, jana aliniambia, "Kumbe hawa watu wana maana." Siku ya mtihani atapewa daftari mbele ya watu watatu, atalifungua atafute ukurasa wake, na hatauona. Nimefikiri nimfundishe maneno yangu kwa ujanja ayakariri. Nimefikiri nimwandikie mhadhiri barua bila jina. Nimefika hadi lango la chuo mara mbili baada ya shule na kurudi. Ukurasa wake ninao ndani ya kitabu cha jiografia, na sasa siwezi kusoma jiografia. Nikimwambia nitaua furaha yake, nisipomwambia ataumbuka. Nifanye nini?

Wako,
Profesa wa Jikoni


MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu,

Barua yako imenifikia siku tatu baada ya kuandikwa, kwa hiyo huna kumi na mbili tena, una tisa. Ndiyo maana nimeitanguliza mbele ya wale wanaolalamikia mawifi.

Kwanza pole. Umelelewa na msichana aliyekuwa mtoto mwenyewe, una njaa ya kusemeshwa, na mtu wa kwanza kukusemesha alikuwa anamsemesha mwingine. Hilo linauma na silichekei. Pole imeishia hapo.

Kumwandikia dada kazi za chuo ni kosa la watu wawili. Yeye alikuwa mtu mzima na alijua, na akisoma gazeti hili ajue simwachi. Lakini yeye alijitoa kwenye uongo huo kwa miguu yake, siku tatu juu ya kaunta, na wewe ukamvuta kwa nyuma ukamrudisha ndani. Hilo ni lako peke yako. Unaniambia habari ya mwandiko. Usinichoshe. Ungekuwa unaogopa mwandiko tu, ungemnakilia ukurasa wake vilevile kwa mkono wako, kama wiki ya kwanza. Wewe uliogopa kwamba safari hii kalamu ya kijani itamsemesha yeye mwenyewe.

Na hao mabibi wa karne ya kumi na nane waache walale. Wao walificha majina yao juu ya kazi zao. Wewe ulichukua jina la dada yako ukaliweka juu ya kazi yako, kisha kazi yake ukaificha kwenye jiografia. Hufanani nao hata kwa kanga.

Sasa nikuambie kitu kitakachokuudhi. Katika barua yako yote ndefu, maneno niliyoyasoma kwa sauti ofisini ni ya dada yako. "Au binti anadanganya. Ningependa kujua ni lipi." Mhariri wetu wa michezo, ambaye hajagusa riwaya tangu aoe, aliuliza, "Na ni lipi?" Hilo dirisha lako hakuuliza mtu. Mjomba mwenye nyumba isiyo na madirisha angekufa kwa joto kabla ya sura ya tatu. Wewe una kipaji, hilo naliona, lakini bado unaandika ili usifiwe, na dada aliandika kwa sababu alitaka kujua. Usiite haya kile ambacho hukukielewa.

Basi sikiliza. Usimfundishe kukariri chochote. Usiende kwa mhadhiri kwa kificho, na barua isiyo na jina uichome moto, maana mwanafunzi pale ni yeye, na jina litakaloulizwa ni lake. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ina siku tisa.

Leo hiihii, akirudi, mpe ukurasa wake mkononi. Mwambie kwa sentensi tatu: niliukata, niliandika wangu, nilidanganya mbele ya Baba. Usianze kulia kabla hujamaliza, maana ukilia ataacha maumivu yake aje akubembeleze, kama alivyozoea. Akipiga kelele, zisikilize. Akinyamaza, usimjazie kimya kwa maelezo. Halafu yeye ndiye ataamua kwenda kwa mhadhiri au la. Mimi ningekuwa yeye ningekwenda kabla ya jopo, kwa sababu anayekuja mwenyewe huulizwa kwa sauti ndogo. Akikutaka uende naye, nenda. Usijitetee.

Anaweza kufutiwa alama. Anaweza kurudia somo. Hutalipa wewe, atalipa yeye, na hilo utaishi nalo.

Na ukimaliza, nunua daftari, andika jina lako juu, mpelekee mwalimu wako wa fasihi. Usiniambie wewe ni mwenye haya. Mtu aliyeweza kukata karatasi kwenye mshono bila mkono kutetemeka anaweza kugonga mlango wa ofisi ya walimu.


BAADA YA WIKI MOJA, MWANDISHI ALITUANDIKIA TENA

Mpendwa mshauri,

Gazeti lilitoka Jumamosi. Nililisoma nikiwa nimesimama kibandani, nikarudi nyumbani kabla sijapoa.

Dada alikuwa anakunja koti lake. Nilimpa ukurasa. Aliusoma hadi mwisho kama anayehakikisha ni wake, kisha akauliza, "Huu uko hapa. Sasa kule kuna nini?"

"Kuna wangu. Niliukata huu kwa wembe. Na kwa Baba nilidanganya."

Sikulia. Yeye pia hakulia. Akasema, "Ukaniacha nicheze."

"Ndiyo."

"Ukaniangalia tu, nacheza."

"Ndiyo, dada."

Alikwenda karakana akatoa kikaratasi kwenye friji. Baba akasema, "We mama, hicho cheti changu unakipeleka wapi?" Akamjibu, "Si chako Baba, wala si changu." Baba alizima mashine ya gesi. Akaniambia nilete kiti, nikae, nieleze tangu mwanzo, na nilipojaribu kuruka ile sehemu ya wembe akasema, "Rudi hapo." Kuna mteja alikuwa amekuja kuchukua friji yake, akasikia yote.

Jumatatu dada aliomba ruhusa dukani, mimi nikaomba shuleni, tukaenda chuo. Mhadhiri ni mdogo wa umbo kuliko nilivyomdhania, na ofisi yake ina feni isiyozunguka. Dada alisema lake kwanza, kwamba kurasa zote tangu wiki ya pili hazikuwa zake. Mimi nikasema langu. Mhadhiri alitoa daftari kabatini, akapitisha kidole pale nilipokata.

"Majibu yote haya ni yako?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga tangu mwezi wa pili.

Akasema, "Tafadhali toka nje. Nataka kuzungumza na mwanafunzi wangu."

Nilikaa kwenye benchi ukumbini karibu saa nzima. Mlango ulikuwa mwembamba lakini sikusogea kusikiliza. Mara moja nilimsikia dada anacheka kidogo, na mara moja nilimsikia mhadhiri anasema "hapana" kwa ukali.

Dada alipotoka alinieleza bila kunitazama, kama anavyomsomea mteja maelekezo ya dawa. Alama zote za daftari zimefutwa. Muhula ujao atarudia somo tangu wiki ya kwanza, kwa mwandiko wake. Kwenye jopo ataitwa, lakini hatasoma kitu, atajibu maswali tu. Ukurasa wake mhadhiri ameubakiza mezani kwake.

Nilitaka kuuliza ameandika swali gani pembeni. Sikuuliza.

Dada akanipa mkoba wake. Nikaubeba hadi nyumbani, yeye akitangulia, mimi nyuma yake.